Galani ni Mbili, Lita ni Moja

Na achukuliwe, kwa mfano, mkulima aliyerithi shamba la kahawa kutoka kwa baba yake. Pamoja na shamba alirithi daftari, na katika daftari hilo mzee alikuwa ameandika kwa mkono wake mwenyewe namna ya kuchanganya dawa moja ya maji: wakia moja ya dawa kwa kila galani ya maji. Bomba la mgongoni ambalo kijana amelinunua mjini limeandikwa lita 20. Kijana anasoma daftari, anatazama bomba, na kwa haraka ya asubuhi anaona ya kuwa ishirini ni ishirini. Anatia wakia 20 za dawa, anajaza maji, anaingia shambani.

Hesabu yake imekwenda upande. Wakia 20 za maji ni mililita 568, na bomba la lita 20 lilitaka mililita 125 tu. Ametia dawa zaidi ya mara nne na nusu ya kipimo. Majani ya kahawa huenda yakaungua, fedha za dawa zimemwagika chini, na yeye mwenyewe amejipaka sumu iliyo kali kuliko ile aliyoidhania. Kijana huyo si mvivu wala si mjinga wa kilimo. Amekoseshwa na neno moja tu, galani, ambalo wengi hulisikia bila kuuliza ndani yake mna kiasi gani.

Nchi za Kenya, Uganda na Tanzania ziliacha vipimo vya Kiingereza na kushika vipimo vya metriki mwishoni mwa miaka ya 1960. Petroli, mafuta ya taa na maziwa huuzwa kwa lita, na mtoto wa shule wa leo huenda asikutane na galani ila katika mazungumzo ya babu yake. Hata hivyo galani haijafa. Imo katika madaftari ya wazee. Imo katika karatasi za visima vilivyochimbwa zamani, ambazo huonyesha maji yatokayo kwa galani katika saa moja. Imo katika matangi ya zamani ya mabati, na katika pampu na mashine zitokazo Marekani. Imo hata katika barua za jamaa waliokwenda kukaa huko, wanaoeleza ya kuwa petroli imefika dola kadha kwa galani, na nduguze nyumbani wasijue kama wamwonee huruma au wamwonee wivu.

KWA NINI GALANI ZIKAWA MBILI

Jambo la kwanza la kujua ni kwamba galani si moja. Iko galani ya Kiingereza, ambayo ndiyo iliyotumika Afrika ya Mashariki, nayo ni lita 4.546. Iko na galani ya Marekani, nayo ni lita 3.785. Tofauti yake ni zaidi kidogo ya robo tatu za lita, kiasi cha vikombe vitatu vya chai.

Zamani Uingereza yenyewe ilikuwa na galani kadha wa kadha: moja ya divai, moja ya bia, moja ya nafaka. Jambo hilo halipaswi kumshangaza mtu wa pwani, ambaye babu zake walijua vizuri tofauti iliyoko baina ya kibaba cha mfuto na kibaba cha tele, na hawakununua mchele kabla ya kuuliza ni kipi. Galani ya divai iliwekwa kwa sheria katika enzi ya Malkia Anne, mwanzoni mwa karne ya 18, kuwa inchi za ujazo 231. Waingereza waliohamia Amerika waliitumia galani hiyo, na Marekani ilipokwisha kujitawala iliendelea nayo. Ndiyo inayotumika huko hata leo.

Waingereza nao, mwaka 1824, walipitisha sheria ya kufuta galani zao zote za zamani na kuweka moja mpya. Sheria hiyo ilisema ya kuwa galani ni nafasi inayojazwa na ratli 10 za maji safi, yakipimwa katika joto la digrii 62 za Fahrenheit. Marekani haikufuata, kwa kuwa ilikuwa imekwisha kuwa nchi ya peke yake na haikuwa na haja ya kubadili vyombo vyake kwa sheria ya watu wengine. Tangu hapo jina limekuwa moja na vyombo viwili. Tofauti hiyo huteremka mpaka chini: painti ya Kiingereza ina wakia 20, nayo ni mililita 568, painti ya Marekani ina wakia 16, nayo ni mililita 473. Hata wakia zenyewe hazilingani sawasawa.

Lita ilizaliwa Ufaransa mwaka 1795, baada ya mapinduzi ya nchi hiyo, nayo ilitengenezwa kwa shabaha ya kuondoa mizozo ya namna hiyo. Ni nafasi ya kisanduku chenye sentimita 10 kwa urefu, 10 kwa upana na 10 kwa kimo, na maji yanayokijaza yana uzito wa kilo moja. Lita ya Paris ndiyo lita ya Kisumu.

HESABU YA KICHWANI

Mtu asiye na karatasi wala mashine ya hesabu aweza kugeuza galani za Kiingereza kuwa lita kwa njia hii. Azidishe kwa 9, agawe kwa 2, kisha aongeze moja kwa kila mia. Kwa mfano, tangi ni la galani 400. Mara 9 ni 3,600. Nusu yake ni 1,800. Moja kwa kila mia ni 18. Jumla ni lita 1,818. Anayefanya hesabu hiyo kwa namba zote za kitaalamu atapata lita 1,818.4, na hicho alichozidisha hakijai glasi mbili na nusu.

Kurudi kutoka lita kwenda galani za Kiingereza ni kwepesi zaidi: kila lita 100 ni galani 22. Pipa la mafuta la lita 200, basi, ni galani 44, na ndiyo sababu wazee wengi huliita pipa la galani 44. Wamarekani nao huliita pipa lao la galani 55. Asikiaye namba hizo mbili atadhani la pili limezidi la kwanza kwa robo nzima, kumbe la Kimarekani ni lita 208, na yamepitana kwa lita 8 tu.

Kwa galani za Marekani njia ni nyingine: mtu azidishe kwa 4, kisha apunguze 5 kwa kila mia. Pampu iliyoandikwa galani 1,000 kwa saa, ikiwa imetoka Marekani, hutoa lita 3,800 hivi. Mnunuzi aliyedhani ya kuwa hizo ni galani za Kiingereza alitazamia lita 4,546, na kila saa atapungukiwa na maji ya kujaza mitungi 38. Atamlaumu fundi, atalaumu kisima, atafungua pampu na kuifunga tena, na pampu haina kosa lolote. Kadhalika jamaa wa Marekani akiandika ya kuwa petroli ni dola 3 na senti 80 kwa galani, lita moja inamgharimu kama dola moja. Msomaji wa barua akigawa kwa 4.5, atadhani nduguye hulipa senti 84.

Na mwenye kutaka kulinganisha galani hizo mbili zenyewe akumbuke ya kuwa 5 za Kiingereza ni 6 za Marekani. Kinachobaki katika hesabu hiyo ni kama vijiko vinne vya chai.

DEBE NA MTUNGI

Kwa muda mrefu watu wengi wa Afrika ya Mashariki hawakuhitaji sana neno galani, maana walikuwa na debe. Debe ni bati la mafuta ya taa la galani 4 za Kiingereza, yaani lita 18 na kidogo. Mafuta yakiisha lilichotea maji, likapimia mahindi, na mwisho wa maisha yake likakunjuliwa kuezekea nyumba. Maji ya debe moja ni ratli 40, na kina mama walioyachukua kichwani kutoka mtoni waliujua uzito huo bila kuandikiwa.

Mtungi wa lita 20 una asili nyingine. Katika vita vya pili vya dunia jeshi la Uingereza lilikuwa likipeleka petroli katika jangwa la Afrika ya Kaskazini ndani ya mabati ya galani 4, ndugu wa debe, na mafuta mengi yalivuja njiani kwa sababu bati lilikuwa jembamba na viungo vyake viliachana. Wajerumani walikuwa na mtungi madhubuti wa chuma wa lita 20 uliobuniwa katika miaka ya 1930. Waingereza waliuona, wakautamani, wakauiga. Na kwa kuwa askari wao walikuwa na desturi ya kumwita Mjerumani kwa jina la Jerry, mtungi ukaitwa jerikeni. Huu wa plastiki unaoonekana leo kila penye bomba la maji ni mjukuu wa ule wa chuma, na kipimo chake ni kile kile.

Kwa hiyo debe na mtungi si kitu kimoja, ingawa bei huweza kutajwa kana kwamba ni kimoja. Mitungi 10 ni sawa na madebe 11. Mwenye kununua maji ya ujenzi kwa debe, akilipa bei ya mtungi, katika kila mara kumi amelipa bei ya karibu debe moja ambalo hakuletewa.

DAWA ZA MIMEA NA MIFUGO

Katika maji ya kunywa na ya kujengea kosa la vipimo hula fedha tu. Katika dawa huweza kula shamba na zizi, kwa hiyo yafaa mambo haya yatazamwe kwa utulivu.

Maagizo ya zamani yakisema ratli moja ya dawa ya unga kwa galani 100 za maji, maana yake ni gramu moja kwa lita moja. Sababu yake si ngumu. Galani 100 za maji zina uzito wa ratli 1,000, kwa hiyo dawa ni sehemu moja katika elfu. Na lita moja ya maji ina uzito wa gramu 1,000, kwa hiyo sehemu moja katika elfu ni gramu moja. Ratli 3 kwa galani 100 ni gramu 3 kwa lita, na bomba la lita 20 litataka gramu 60. Hapana haja ya kuitaja 4.546 hata mara moja.

Dawa ya maji hufuata njia hiyo hiyo. Galani ya Kiingereza ina painti 8, na painti ina wakia 20, basi galani ni wakia 160. Wakia moja kwa galani ni sehemu moja katika 160, nayo ni mililita 6 na robo kwa lita. Painti moja kwa galani 100 ni sehemu moja katika 800, yaani mililita 125 kwa lita 100. Aliyekwisha kuligeuza agizo likawa sehemu moja katika kadha amemaliza kazi, maana sehemu moja katika 800 haijui galani wala lita. Ni ile ile katika ndoo na katika josho.

Karatasi ikiwa imetoka Marekani hesabu hizo hubadilika. Ratli moja kwa galani 100 za huko ni gramu 1.2 kwa lita, na wakia moja kwa galani ni mililita 7.8. Mtu akizichukua kuwa za Kiingereza, dawa yake itakuwa hafifu.

Wako wanaodhani ya kuwa dawa hafifu si kosa kubwa, kwa kuwa haiunguzi kitu. Hasha. Kosa la kuzidisha huonekana mapema, na mwenye kulifanya hujuta na kujifunza. Kosa la kupunguza hujificha. Katika josho lenye dawa hafifu kupe hawafi wote. Huenda wanaobaki wakawa ndio wale wenye nguvu ya kuistahimili dawa, na hao ndio wanaozaa. Mwenye ng'ombe huendelea kulipa na kuogesha mifugo yake wiki baada ya wiki, na ndigana ikiingia zizini hushangaa imepita wapi. Josho la zamani ambalo ukuta wake una alama ya 3,000 kwa kawaida lilipimwa kwa galani, nazo ni zaidi ya lita 13,600. Anayetia dawa ya lita 3,000 katika josho hilo ametia isiyofika robo ya kiasi kinachotakiwa.

Yapaswa kuongezwa ya kuwa daftari la mzee lafaa kwa kujifunzia hesabu, si kwa kuchagulia dawa. Dawa nyingi za siku zile, kama vile DDT kwa mimea na aseniki ya majosho, ziliondolewa kwa sababu ya madhara yake. Kipimo cha kufuata ni kile kilichoandikwa kwenye chupa iliyonunuliwa dukani.

NDEGE ILIYOISHIWA NA MAFUTA ANGANI

Wala mtu asifikiri ya kuwa makosa ya namna hii ni ya wakulima peke yao. Tarehe 23 Julai 1983 ndege ya kampuni ya Air Canada, aina ya Boeing 767, ilikuwa ikisafiri kutoka Montreal kwenda Edmonton kwa kupitia Ottawa. Wakati huo Kanada ilikuwa ikihama kutoka galani na ratli kwenda lita na kilo. Vipima mafuta vya ndege vilikuwa havifanyi kazi, kwa hiyo mafuta yalipimwa kwa kijiti, yakaonekana ni lita 7,682. Safari ilitaka kilo 22,300.

Ili kugeuza lita kuwa kilo, waliohusika walizidisha kwa 1.77. Namba hiyo ni ya kweli, lakini ni uzito wa lita moja ya mafuta ya ndege kwa ratli. Kwa kilo ni kama 0.8. Wakaongeza lita zisizofika 5,000 mahali palipotakiwa lita zaidi ya 20,000. Karatasi zikaonyesha kilo 22,300, na matangini mlikuwa na ratli 22,300, yaani chini ya nusu. Injini zote mbili zilizimika angani. Rubani Robert Pearson na msaidizi wake Maurice Quintal waliishusha ndege bila injini, ikielea kama mwewe, mpaka wakaifikisha katika kiwanja cha zamani cha jeshi la anga huko Gimli, katika jimbo la Manitoba. Watu 69 waliokuwamo waliokoka wote.

UZITO NA UJAZO

Jambo la ndege hiyo linahusu pia maziwa, ambayo hapimi mtu kwa galani tena, lakini huyapima huku kwa lita na kule kwa kilo. Lita moja ya maji ni kilo moja. Lita moja ya maziwa ni kilo 1.03 hivi, kwa sababu maziwa ni mazito kuliko maji. Kilo 100 za maziwa ni lita 97 tu. Mfugaji anayepimiwa kwa mizani na kulipwa kwa lita, au kinyume chake, na aulize hesabu inafanywaje, maana lita 3 katika kila mia, kwa mwaka mzima, si kitu cha kuachia hewani. Na akikuta katika kumbukumbu za zamani ya kuwa ng'ombe fulani alikuwa wa galani 600, ajue ya kuwa hizo ni lita 2,728 kwa mnyonyesho mmoja, yaani karibu lita 9 kila siku kwa siku 305.

Uzito huo huo wa maji waweza kutumika kukagua chombo chochote kisicho na maandishi, au chenye maandishi yasiyoaminika. Kipimwe kwanza kikiwa kitupu katika mizani ya kinu cha posho au ya kituo cha maziwa, kijazwe maji safi, kipimwe tena. Kilo zilizoongezeka ndizo lita zake. Zikiwa 18 na kidogo, hilo ni debe la galani 4 za Kiingereza. Zikikaribia 19, hiyo ni ndoo ya galani 5 za Marekani, hata kama aliyeiuza aliiita debe. Zikiwa 20, ni mtungi. Na mtungi uliojazwa mpaka shingoni ukionyesha kilo moja au mbili zaidi, mizani haijakosea, maana mitungi mingi huachiwa nafasi juu ya kipimo chake.